Udi Haujawashwa Bado

Ijumaa, 18 Desemba 1998

Durban nzima, kuanzia Bluff mpaka Morningside, hakuna mtu aliyekula sinia moja na masultani wa Yemen ila mimi, Awadhi bin Faraji. Wamenimegea nyama kwa mikono yao yenye pete. Mmoja aliniambia nikirudi atanipa farasi.

Daftari hili kanipa Ernestina, msusi, jirani yangu wa mlango wa pili. Kasema, "Babu, kila siku nakusikia unaongea na ukuta. Hebu andika, na ukuta nao upumzike."

Jumamosi, 19 Desemba

Masultani ni uongo. Yemen sijaikanyaga. Kaskazini nimeishia Mombasa, nako niliugua tumbo. Farasi ninaowajua ni hawa wa uwanja wa Greyville, nawaona dirishani asubuhi wakikimbizwa, na hakuna aliyenipa hata mkia.

Aliyetoka huko ni baba. Kazaliwa Shihiri, akapika kwenye mkahawa Aden, kisha akaja Tanga akaoa na kunizaa mimi, jambo alilolijutia mara nyingi kwa sauti kubwa. Yemen yangu yote iko ndani ya sinia la shaba alilokuja nalo. Shuleni niliishia darasa la nne. Kwenye sinia nilisoma zaidi, maana huko mwalimu alikuwa na kofi la karibu.

Jumapili, 20 Desemba

Mwezi. Kesho tunafunga. Joto kama mtu amekaa kifuani.

Jumatatu, 21 Desemba

Kufungua nilikwenda msikitini mjini. Wahindi ni wakarimu, Mungu awazidishie: tende, sambusa, na halimu, uji wa ngano na nyama, nzito inayosimamisha kijiko. Lakini kila mtu na sahani yake ya karatasi! Tumekaa safu nzima, magoti yanagusana, kila mtu amekumbatia chake kama mgonjwa wa hospitali. Baba angeona angeuliza, "Hawa wamegombana?"

Na ngazi za fleti hii zimeninyonga magoti. Kesho nitafungulia nyumbani.

Jumanne, 22 Desemba

Nimepika salta. Mchuzi wa nyama kwenye chungu cha chuma cha miguu mitatu, maana chungu cha jiwe cha baba kilipasuka zamani. Juu yake povu la uwatu, ndiyo hulba yenyewe. Uwatu unaroweka, unamwaga maji, halafu unaupiga kwa mkono mpaka uwe mweupe na mkono uwe wa mtu mwingine. Baba alikuwa anageuza bakuli juu chini. Povu likidondoka, wewe si mpishi, wewe ni mwosha bakuli. La leo halikudondoka.

Nikaweka sinia sakafuni, nikakaa upande wangu. Sheria ya sinia ni kwamba unakula mbele yako. Kuvuka kwenda kwa mwenzio ni uroho. Basi nikala mbele yangu, na upande wa pili, wa marehemu Zaituni, sikuugusa. Mwaka juzi alipokufa nilidhani nitazoea. Wali ukabaki nusu sinia, umekatwa kama kwa kisu.

Zaituni alikuwa wa wale Wazanzibari wa hapahapa Durban, wa Bluff. Mimi nilikuwa mpishi wa meli, nikashuka siku moja kununua vitunguu, nikamwona. Meli ikaondoka bila vitunguu.

Jumatano, 23 Desemba

Nasibu kapita. Mtu wa Dar huyu, anauza suruali sokoni Warwick, mtu wa dini, ndevu zake zimechanwa vizuri kuliko zangu. "Mzee wangu, kesho nafungua na wewe, inshallah." Huyo ndiye mtu. Nimenunua nyama ya mbuzi.

Alhamisi, 24 Desemba

Nasibu hakuja.

Ijumaa, 25 Desemba

Krismasi. Jiji zima liko ufukweni. Chumba kinachotazamana na changu, jiko tunalotumia pamoja, yupo Mrundi anaitwa Juvénal. Analinda magari ya watu kwa kizibao cha njano. Mimi namwita Bwana Maharage. Anayapika kila siku, anaacha sufuria yake kwenye moto wangu, na anapiga mluzi wa nyimbo za kanisani wakati mimi nimefunga na kichwa kinauma. Leo kanigongea mlango, kanipa soda.

"Mzee, Noeli njema."

"Mimi nimefunga, na hata nisingefunga, mimi si wa Noeli."

"Bon. Utakunywa jioni, haitaoza."

Ujeuri. Nimeinywa jioni.

Jumapili, 27 Desemba

Nasibu: "Kesho bila kukosa."

Jumatatu, 28 Desemba

Alikosa. Nimeambiwa alikuwa kwa tajiri mmoja Morningside, wanafungulia mezani, kwa uma.

Jumatano, 30 Desemba

Mvua ya mawe. Nyama ilikuwa imekwisha iva, nikaweka sinia, nikakaa. Mlango wa mbele ukafunguliwa, akaingia Bwana Maharage amelowa mpaka mifupa, anatetemeka, kizibao kinachuruzika. Magari yote yamekimbia, hana kazi. Akaenda jikoni kuangalia sufuria yake. Mimi na ukuta tukatazamana.

"We kijana! Njoo ukae."

"Mzee, mimi sifungi."

"Kwani nimekuuliza unafunga? Nimekwambia ukae."

Akaja. Na sehemu zote za sakafu hii, akaenda kukaa upande wa Zaituni. Neno lilinijia ulimini kumwambia ahame, nikalimeza pamoja na tende.

Sasa nisikilize, daftari. Baba alinifundisha hivi: mwenye nyumba ndiye anayemega nyama na kumtupia mgeni sehemu nzuri mbele yake. Na mwenye nyumba hanyanyui mkono kabla ya mgeni, hata kama ameshiba mpaka masikioni, maana ukinyanyua wewe umemwambia mgeni basi, umekula sana. Nikamega, nikatupa. Akala. Nikamega. Akala. Nikasema moyoni, masikini, njaa ya vita hii. Nami nikaendelea kula kidogokidogo ili asione haya.

Wali ukaisha, nikaongeza. Mkate ukaisha, nikaenda kukaanga mwingine. Juvénal akawa anatoka jasho. Macho yamemtoka, anatafuna polepole kama ng'ombe wa sadaka, na mkono wake bado unashuka kwenye sinia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefungua kamba ya saruni kwa siri. Nikawaza, huyu mtu ana tumbo la bandari, meli zinaingia tu. Nikamtupia mguu wa mwisho wa mbuzi. Aliutazama kama mtu aliyesomewa hukumu. Akaula.

Ernestina ndiye aliyetuokoa. Kafungua mlango ameziba pua. "Babu, huo uwatu wako umeingia mpaka kwenye nywele za wateja wangu! Na nyinyi mnakula tangu saa ngapi? Mnashindana?"

Tukanyanyua mikono kwa pamoja, kama wezi.

"Eish, Mzee," Juvénal kasema, anapumua kwa shida. "Asante kwa kuacha. Nilikuwa nakufa."

"Kuacha mimi? Wewe ndiye mgeni! Nilikuwa nakungoja wewe!"

"Mimi nilikungoja weye! Mama alitufundishaga, mudogo hanyanyuke kabla ya mukubwa. Anataka kunichapa hata sasa, na alishakufa."

Ernestina alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitaka kucheka lakini hakukuwa na nafasi tumboni. Mama wa Bujumbura na baba wa Shihiri, hawajuani, wamekufa wote, na nusura watuue sisi kwa adabu.

Nikatoa kopo la kishri. Hayo ni maganda ya kahawa, yanachemshwa na tangawizi. Baharia mmoja wa Aden aliniletea, nayatunza kwa wageni, ndiyo maana kopo lilikuwa bado limejaa. Juvénal akanywa, akakitazama chetezo cha udongo kilichoko juu ya kabati.

"Na ile ni ya nini?"

"Ya udi. Kwa kina baba, mgeni akishakula na kunywa, anapitishiwa moshi wa udi, ananukia nguo na ndevu. Na baada ya udi hakuna kukaa. Ukishafukizwa, ndiyo umeagwa, vaa viatu."

Akafikiri. "Basi leo usiniwashie, Mzee. Inje iko mvua."

Sikumwashia.

Alhamisi, 31 Desemba

Tumbo. Nimefunga bila shida yoyote, sikuwa na haja ya chakula mpaka mwaka ujao.

Jumamosi, 2 Januari 1999

Nasibu: "Mwaka mpya, Mzee wangu, mambo mapya. Kesho." Nikamwambia, "Nasibu, kesho yako ina ndevu ndefu kuliko zako."

Juvénal alikuja mwenyewe. Tumeweka sheria mpya: mimi nahesabu moja, mbili, tatu, wote tunanyanyua mikono. Baba atanisamehe.

Baada ya kishri kauliza, "Leo unawasha?"

"Makaa yamelowa."

Akakaa. Kanisimulia mtaani kwao Buyenzi, Bujumbura, Waswahili majirani zao walivyokuwa wakiwapa sambusa za Idi. Ndiko alikookota Kiswahili. Alikuwa na kaka, Audace. Walipotezana wakati wa kukimbia, hajui yuko hai au vipi. Alisema hivyo huku anakwaruza ukoko kwenye sinia. Mimi nikamtupia ukoko wa upande wangu.

Jumapili, 3 Januari

Alikwenda kanisani. Mluzi wake jikoni sasa naujua mpaka kibwagizo. Nimejikuta nakipiga chooni, astaghfirullah.

Jumatatu, 4 Januari

Nimepika asida. Unga unasongwa, unafanywa kama kichuguu, katikati unachimba shimo unamimina mchuzi.

"Mzee! Hii ni bugali!"

"Ni asida. Chakula cha mababu zangu."

"Ni bugali iko na kisima."

Nilikasirika kidogo. Halafu nikaona kweli ni ugali una kisima. Miaka yote hii najidai.

"Leo unawasha udi?"

"Sioni miwani yangu."

"Miwani iko kichwani, Mzee."

"Basi sioni udi."

Jumatano, 6 Januari

Juvénal mgonjwa. Homa, meno yanagongana. Lililomtia hofu si homa, ni kona yake. Asipokuwepo siku moja, mlinzi mwingine atasimama pale, na kona ikishachukuliwa hairudi. Akawa anajaribu kuvaa viatu, anaanguka.

Nikachukua kizibao cha njano nikavaa juu ya kanzu.

Mwanadamu hajaona kituko. Mzee mwenye kofia ya kiua, amefunga, midomo mikavu, anaelekeza gari za watu kwa fimbo: njoo, njoo, njoo, basi! Mama mmoja wa Kizungu aliniuliza kama mimi ni mchungaji. Nikamwambia ndiyo, wa magari. Kijana mmoja alikuja na kizibao chake kunyemelea kona. Nikamtazama kwa lile jicho la baba la kwenye sinia. Akavuka robot, zile taa za barabarani, akaenda zake.

Nilipanda ngazi kwa kukaa kila baada ya chache. Juvénal alipojua alilia, homa ile.

"Mzee, iko deni kwangu. Kubwa."

"Usiniletee maneno makubwa. Siku moja nitakuomba kitu kidogo, utanifanyia, tumemalizana."

"Chochote."

"Umesema. Ukuta shahidi."

Alhamisi, 7 Januari

Supu kwake, kitandani. Udi sikuulizwa.

Jumamosi, 9 Januari

Kapona. Kala. "Unawasha?" "Kiberiti kimeisha." Ernestina naye alikuwepo, kaleta ndizi. Akasema, "Babu, kiberiti nilikuachia jana." Wanawake hawajui kunyamaza panapostahili.

Nasibu sijamwona. Nilipomkumbuka nilikuwa nimeshaosha sinia.

Jumanne, 12 Januari

Mvua. Mvua. Tumekula.

Alhamisi, 14 Januari

Leo mambo yameharibika, na yameharibika kwa sababu nzuri, ndiyo maana siwezi hata kulaani.

Juvénal kaja kabla ya magharibi anakimbia ngazi, mimi nilidhani moto. Akanishika mabega. Audace yu hai! Yuko Cape Town, ana kazi kwenye bustani ya watu, ana mke. Mtu wa kanisani kwao alitoka huko, wakazungumza, jina kwa jina, kovu kwa kovu. Juvénal amepiga simu kutoka kwa Ernestina na kuisikia sauti yake. Kaka yake kamwambia neno moja tu la utotoni, kisha wakashindwa kuongea wote wawili mpaka simu ikakata.

"Ninakwenda, Mzee. Nitangoja Idi yako ipite, halafu ninakwenda."

Nikasema alhamdulillahi. Nililisema vizuri, kwa sauti. Nikamtupia nyama, akala, anacheka na mdomo umejaa. Nikanywa kishri. Nikaangalia upande ule wa sinia. Nikawaza, Awadhi, mzee mbaya wewe, mtu kapata ndugu yake kutoka kaburini na wewe unahesabu nani atakula wali.

Hakuuliza kama nitawasha. Alikaa mwenyewe.

Ijumaa, 15 Januari

Nilimwambia ninafungulia msikitini. Nilikwenda. Sahani ya karatasi.

Jumamosi, 16 Januari

Nilimwambia naumwa kichwa, nikafungulia chumbani, mlango nimefunga. Nikamsikia jikoni anaweka sufuria. Hakupiga mluzi. Baadaye akagonga.

"Mzee, iko maharage."

Nikavuta shuka mpaka kichwani.

"Niliyaweka kwenye sinia yako. Sijui kupiga hulba. Njoo tu."

Nilikaa kitandani kama mtoto aliyenuna. Halafu nikasikia hakuondoka. Anangoja, mdogo hali kabla ya mkubwa. Angengoja mpaka asubuhi, namjua, na chakula kinapoa. Baba alikuwa na makofi mengi, lakini kubwa kuliko yote alilitunza kwa mtu anayemwacha mwenzie anasubiri mbele ya sinia.

Nikatoka. Maharage bila chumvi. Nilihesabu moja, mbili, tatu, lakini kabla ya tatu nilikuwa nimekula mengi.

"Yakoje, Mzee?"

"Mabaya sana. Ongeza."

Jumanne, 19 Januari

Idi.

Asubuhi nilisukuma binti wa sinia. Ni mkate wa matabaka, wembamba kama karatasi, samli kila tabaka, habbasoda juu, unatoka motoni unamiminiwa asali. Baba alikuwa akisema mkate huu huliwa kabla ya vyote ili maneno ya siku yaanze na utamu. Juvénal alikuwa amevaa shati jeupe, begi lake moja liko mlangoni, basi lake ni la mchana. Ernestina kafunga saluni kwa ajili yetu. Nasibu naye, miujiza ya Mungu, akatokea! Kashika kuku wa dukani kwenye kasha. "Mzee wangu, Idi mubaraka, siwezi kukaa." Akala amesimama dirishani, kutoka kwenye kasha lake, anawatazama farasi. Nilimwonea huruma. Kabla hajaondoka nilimkatia kipande cha binti, nikamfungia.

Tukala sisi watatu. Asali ilimwingia Juvénal mpaka kwenye kiwiko. Nikachemsha maganda yaliyobaki, kopo likabaki tupu.

Halafu Juvénal akatazama juu ya kabati.

"Mzee. Leo washa. Leo ninakwenda kweli."

"Kiberiti hakuna."

Kilikuwa kwenye mfuko wa kanzu. Ernestina alikuwa amekaa ubavuni mwangu, akakisikia kinacheza nilipogeuka. Safari hii alinyamaza, Mungu ambariki.

Juvénal akanitazama kitambo. Akacheka kidogo. Akachuchumaa, akaushika mkono wangu kwa mikono miwili, wote una asali, tukanatana.

"Basi nitaenda hivihivi tu," kasema.

Akachukua begi. Nilisikia mluzi ngazini, mpaka chini, mpaka barabarani, kisha basi la watu wengine likaufunika.

Jumatano, 20 Januari

Sikupika.

Alhamisi, 21 Januari

Wali. Nimekula mbele yangu.

Jumamosi, 23 Januari

Chumba chake kimepata mtu, mama mmoja mpole, muuza mitumba. Nilimkaribisha. Akavua viatu, akaja, akainama kukaa upande ule, nami, mzee mzima, nikasema, "Hapo pana mtu."

Akaangalia. Hapana mtu.

Ikabidi akae pembeni, kwenye kona ambayo haina mbele, akawa anakula kwa kujipinda. Aibu niliyopata, baba angeikata vipande akaigawa mtaa mzima.

Nimelifikiria jambo hili siku nzima, na nimeona kosa ni la nani. Ni langu, lakini na lako pia, Juvénal. Ernestina anakupigia simu Jumapili, baada ya kanisa, na haya ndiyo atakayokusomea, maana mimi kwenye simu huwa nasahau maneno nikabaki napiga kelele.

Juvénal mwanangu. Msalimu Audace, mwambie nimefurahi yu hai, na kwamba wewe maharage hujui kutia chumvi, akusimamie. Sasa sikiliza. Hukufukizwa. Mtu ambaye hakufukizwa udi hajaaga, na ambaye hajaaga bado amekaa, na wewe umekaa sakafuni kwangu tangu siku ya Idi, na mama wa watu anakula amejipinda. Mambo hayaendi hivyo. Ulisema una deni. Sitaki kikubwa. Basi la kuja lipo, na la kurudi lipo. Njoo siku moja tu, si lazima kulala, ukae pale pako, ule, nikufukize udi ndevu na shati, halafu nikwambie haya, vaa viatu, nenda kwa kaka yako. Ni kitu kidogo. Makaa nimeyaanika yamekauka, na kiberiti kimeonekana.